Barua kwa mwanangu: siku niliyopewa gunia

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa sokoni, nikaambulia maneno mawili tu, "shule" na "Rayong", mji wa huku Thailand. Mara ya pili nilikuwa juu ya pikipiki. Mara ya tatu ilikuwa usiku, nimekaa barazani na feni nimeielekeza miguuni kufukuza mbu, ndipo nikalipata swali lenyewe: "Baba, niambie ukweli, Wathai wanatupenda sisi watu weusi? Nikija kufundisha huo mwaka mmoja, nitaishi vizuri?" Ukanyamaza kidogo, kisha ukaongeza, "Usinifiche." Hilo la mwisho ulilisema kwa sauti ya mama yako kabisa, na mpaka sasa linanirudia.

Sikufichi. Ila la kupendwa sina jibu lake, maana sikuwahi kukaa nikalipima. Niliingia nchi hii mwaka 1998, wao waliuita 2541 kwa kuwa wanahesabu kwa miaka ya Buddha na wametutangulia miaka 543. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unatambaa. Nimekaa hapa Chanthaburi muda mrefu kuliko nilivyokaa Tunduru na Masasi. Ninachokijua mimi ni kukaa, na kuhusu kukaa nina neno moja ambalo umelisikia tangu mdogo, na babu yako alilisema kabla yangu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hudhani methali ile inamsema mgeni mvivu. Mimi naona inamsema mwenyeji pia. Mwenyeji anayekutandikia mkeka mpaka siku ya kumi hajakukubali bado, amekuvumilia tu. Na mgeni asiyeomba jembe hajafika, hata kama pasipoti yake imegongwa mihuri kurasa zote.

Lakini umeuliza rangi, nianze na rangi. Utatazamwa. Huku watu wanaliogopa jua. Utawaona wanawake wamepanda pikipiki saa sita mchana na mikono mirefu na glavu, na dukani losheni, sabuni, hata mafuta ya kwapani yameandikwa kwamba yanang'arisha ngozi. Zamani weusi ulikuwa alama ya mtu aliyeinama kwenye mpunga mchana kutwa, na weupe alama ya aliyekaa kivulini, kwa hiyo jicho litakalokutazama lilifundishwa kutazama hivyo kabla wewe hujazaliwa. Kuna safari moja nilitoka Bangkok kuja hapa, karibu kilomita 250, basi limejaa, vijana wawili wamekaa kwenye ngazi, na kiti cha pembeni yangu kimekaliwa na mfuko wangu wa nguo. Niliuchukua nikaupakata ili nafasi ionekane. Hakuna aliyekuja. Nilipakata mfuko ule saa nne nzima.

Mzungu wanamwita farang. Sisi tunaitwa khon dam, mtu mweusi, na utalisikia neno hilo dam nyuma yako ukipita sokoni. Kwa miaka nililichukia. Baadaye nikagundua kwamba Wathai wenyewe wana majina ya utani ya namna hiyo na wanayaitikia bila kinyongo: Dam ni mweusi, Uan ni mnene, Lek ni mdogo, na wapo wanaoitwa Mu, yaani nguruwe, kwa mapenzi ya wazazi wao. Nikajiambia basi, ni desturi yao, kama sisi tunavyomwita mtu Mfupi na akaitika. Lakini hapana, mwanangu, nimelifikiria tena juzi na halilingani. Yule Dam wa kwao polisi hawamsimamishi barabarani akafungua mkoba. Mimi nimesimamishwa. Safari moja nilisimamishwa mara mbili kati ya kituo cha basi na soko, na wa pili alikuwa kijana mdogo kuliko wewe. Kwa hiyo nakuambia yote mawili na wala siyapatanishi.

Hayo ndiyo ya rangi. Yanauma, lakini si yaliyonifundisha kukaa.

Lugha itakusumbua zaidi ya rangi. Kiswahili hakina mambo ya kupandisha na kushusha sauti ili neno ligeuke maana, na Kithai chote kiko humo. Neno khao peke yake, ukilitamka hivi ni wali, vile ni nyeupe, hivi tena ni habari, ni goti, ni kuingia, ni mlima. Mwaka mzima niliagiza goti hotelini na wakaniletea wali, maana watu wa huku ni waungwana. Utakachokipokea haraka ni heshima, kwa kuwa umelelewa nayo. Siku ya kwanza tu utaulizwa umri. Usikasirike. Wanataka kujua wakuite phi, dada mkubwa, au nong, mdogo wetu, kama sisi tusivyoweza kumsalimia mtu mpaka tujue kama anastahili shikamoo. Watakuuliza pia, "Kin khao rue yang?", umekula wali au bado, na hiyo ni salamu, kama nyanya zako wanavyoanza na umekula kabla ya umeamkaje. Kuhusu nyama, jifunze kusema mai sai mu, usitie nguruwe, na uliseme kila mara, hata kwa mboga. Na ukimpata rafiki wa Isan, kaskazini-mashariki, kaa naye chini mle wali wao wa kunata. Wanaumega kwa vidole, wanaufinyanga tonge, wanauchovya. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilinawa mikono bila kuambiwa na mtu.

Kuna kitu wanakiita kreng jai. Sina neno moja la kukipa. Ni ile soni ya kutotaka kumpa mwenzako uzito, usimwaibishe, usimlazimishe akukatalie usoni. Sisi tunayo, tunaiita staha, ila yetu ina mipaka, mtu akikudhulumu staha inakwisha. Ya kwao haikwishi hapo. Mimi sikulijua hilo mpaka 2002, na la 2002 mama yako analijua nusu. Sijui kwa nini nakuandikia wewe leo. Labda kwa sababu ulisema nisikufiche.

Unakumbuka habari za yule Mthai aliyepanga nyumba ya mjomba wako Tunduru, 1995, wakati vito vya safaya vimefumuka na mji umejaa Wathai na watu wa Sri Lanka. Nilikuwa dalali wake, na ndiye aliyeniambia, "Unajua jiwe, njoo kwetu uone linakokwenda." Nikaja. Soko la vito la hapa ni Ijumaa mpaka Jumapili. Mnunuzi anakodi meza, anaweka karatasi nyeupe, mizani, kikokotoo, kibanio na taa. Sisi tunapita na pakiti. Anaifungua, anayaviringisha mawe kwa kidole kimoja, anachagua moja analitazama kwenye mwanga, kisha anabonyeza bei kwenye kikokotoo na kukigeuza upande wako. Mawe yakiwa si mali yako, pakiti inafungwa kwa selotepu, anaandika bei yake juu, unampelekea mwenyewe aamue. Watu mamia wako pale na hakuna anayepaza sauti. Unasikia vibanio vikigusa meza.

Miaka ile safaya za Songea zilikuwa zinashuka huku kwa mafungu, nyingi zina rangi hafifu, bei yake ya kusikitisha. Kisha wachomaji wa Chanthaburi wakapata namna ya kuzichoma kwenye tanuru kali pamoja na krisoberili, jiwe lenye beriliamu, na safaya ile ile iliyoingia imefifia ikatoka na rangi ya chungwa inayowaka, watu wa nje wakailipia fedha ya ajabu bila kujua imefanywa nini. Mimi nilikuwa nimemkabidhi mfanyabiashara mmoja pakiti ya gramu 400 kwa mali kauli, za kwangu na za wenzangu wawili ambao unawajua, mmoja ndiye aliyekununulia begi la darasa la kwanza. Mwanzoni mwa 2002 maabara za nje zikaigundua siri ya beriliamu, bei ikaanguka kama nazi, na yule bwana akanyamaza. Nikienda mezani kwake ananitabasamia. "Phrung ni," kesho. Wiki tatu za kesho. Na kule nyumbani watu wanampigia mama yako simu kuuliza fedha zao ziko wapi.

Jumamosi moja saa nne, soko limejaa, nikasimama mbele ya meza yake nikampigia kelele. Sikusema tu kwa ukali, nilipiga kelele, kwa Kithai kibovu na Kiswahili na Kiyao vyote pamoja. Nikagonga meza kwa ngumi, mawe ya mtu mwingine aliyekuwa anahudumiwa yakaruka mpaka sakafuni. Mkewe alikuwa amekaa nyuma yake anamlisha mtoto wao vipande vya embe. Yeye hakujibu. Alitabasamu. Tabasamu lile ndilo lililoniua, niliona ananidhihaki, nikamtukania baba yake. Yule mama akaacha kulisha, akashika kichwa cha mtoto akakigeuzia kifuani kwake, asione.

Alinilipa. Jumatatu asubuhi kijana alikuja na bahasha, baht, fedha ya huku, zote, hakupunguza hata moja. Nikawapigia wenzangu kwa shangwe. Ijumaa nikaingia sokoni, na hakuna mtu aliyeifungua pakiti yangu. Wote wananitabasamia, wananiita phi, wananiuliza kama nimekula. "Leo hatununui." Ijumaa ile, na iliyofuata, na zilizofuata. Miezi mitano, mwanangu. Miezi ile ndiyo mlihama nyumba ya bati mkarudi kwa bibi yako, na mama yako alikuambia ni kwa sababu ya maji.

Bado najibishana na nafsi yangu. Alikuwa na deni au hakuwa nalo? Alikuwa nalo. Nilikuwa na haki au sikuwa nayo? Nilikuwa nayo. Nyumbani ningesimama mbele ya wazee na wangenipa haki yangu. Nikifika hapo kwenye kujitetea nauona ule mkono wa yule mama juu ya kichwa cha mtoto, na hoja zote zinaniponyoka.

Aliyenitoa ni Yai, huyo unayemwona nyuma yangu kwenye simu ya video akipunga mkono. Yai maana yake bibi, mtaa mzima unamwita hivyo. Nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha nyuma, namwamkia na kumlipa kodi, basi. Jioni moja aligonga mlango na kapu la matunda na koja la asumini, akaniambia nivae shati safi. Hakuniuliza lolote, alishajua, soko lote lilijua. Tulikwenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa yule bwana. Akanikalisha sakafuni, miguu nimeikunja nyuma, nyayo zisimwelekee mtu. Kisha akazungumza nusu saa nzima, juu ya mvua, juu ya bei ya mangostini, juu ya goti lake. Jambo lenyewe hakuligusa. Nikamkumbuka mshenga aliyekwenda kwa babu yako kuniombea mama yako, alivyoanza na korosho mpaka wazee wakaanza kusinzia. Mwisho Yai akanitazama. Nikasukuma kapu mbele kwa mikono miwili, nikaunganisha viganja mpaka usoni, nikainama. Mkewe ndiye aliyepokea. Akaniletea maji. Yule bwana akasema, "Mai pen rai," haidhuru, na safari hii hakutabasamu.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza Yai kwa nini yule bwana alinicheka siku ile sokoni. Akasimama katikati ya barabara. "Hakukucheka. Alikuwa anaogopa, na ana aibu, na watu wanatazama. Ulitaka alie?"

Ijumaa iliyofuata mtu akafungua pakiti yangu.

Sasa nikupe la furaha, maana nisipokupa hili barua itakuwa ya majonzi tu. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, msimu wa doriani ukawadia. Doriani unalijua, uliwahi kuliona Unguja. Lile la hapa ni Monthong, mto wa kulalia wa dhahabu ndiyo maana yake, kilo tatu hadi tano, na miba yake ni kama ya nungunungu. Yai ana shamba wilaya ya Tha Mai. Mkwewe ndiye anayepanda mtini na kisu. Anagonga kila doriani kwa mpini na kusikiliza, la kukomaa lina mvumo, lisilokomaa linajibu kavu. Akikata, chini lazima awepo mtu wa kudaka. Likianguka likapiga ardhi, limepasuka, halina mnunuzi. Linadakwa kwa gunia. Unalishika gunia la katani kwa mikono miwili, limelegea, unasimama chini, macho juu. Doriani likija hulipingi, miba itapita gunia iingie viganjani. Unalipokea na kurudi nalo nyuma, kama mtu anayempokea mtoto aliyerukia kifuani, mpaka mwendo wake uishe, kisha unaliachia lijiviringishe kwenye majani.

Mimi nilikwenda tu kutazama. Nilikaa kivulini na glasi ya maji ya barafu niliyopewa, kwenye mkeka niliotandikiwa, mgeni kamili. Mdakaji wao siku ile alikuwa ameteguka bega. Yai akamtazama, akamtazama mkwewe juu ya mti, kisha akaliokota gunia akanitupia miguuni. "Luk, ma ni," akasema. Mwanangu, njoo hapa. Miaka minne na nusu aliniita khun, yaani bwana. Siku ile akaniita luk.

La kwanza lilinipita, likapasuka. Hakuna aliyesema kitu. La pili lilinichoma kidole gumba, alama iko mpaka leo, ile uliyoniuliza ukiwa na miaka tisa nikakuambia ni mwiba wa mchongoma. La tatu nililidaka. Mkwewe akapiga mluzi kule juu. Kufika saa kumi nilikuwa nimedaka mengi ambayo sikuyahesabu, mikono inatetemeka, shati limelowa, na Yai ananipitishia chupa ya maji ile ile wanayonywea wote, haleti tena glasi. Nililala usiku ule kama nilivyokuwa nalala Masasi baada ya kuokota korosho. Ndiyo hilo jembe ninalolisema. Omba jembe lako, mwanangu. Ukikaa kwenye mkeka watakuhudumia mpaka uondoke.

Najua utakachosema, maana umesoma. Utasema, baba, nchi yenyewe haitaki mgeni ashike jembe. Na kweli. Sheria yao ina orodha ya kazi za Mthai peke yake: kunyoa nywele, kutembeza watalii, hata kukata na kusugua vito. Mimi ninayelitambua jiwe la Tunduru na la Mahenge kwa macho tu, mashine ya kulikatia siruhusiwi kuishika kwa ujira. Ardhi siwezi kumiliki. Kila siku 90 nakwenda uhamiaji kueleza kwamba bado naishi ninapoishi, miaka 27 sasa, na afisa ananiuliza anwani ile ile. Hata kudaka kule, mtu akitaka kuwa mkali, angeweza kuniuliza kibali, ingawa hakuna aliyelipwa siku ile. Kwa hiyo labda ninakudanganya. Labda nilipewa gunia kwa sababu tu mtu aliteguka bega. Nimewaza hivyo usiku mwingine. Lakini angeweza kumwita jirani. Jirani alikuwa pale, ukutani, amesimama.

Na mfalme wao, Bhumibol, alipofariki tarehe 13 Oktoba 2016, nchi nzima ilivaa nyeusi mwaka mzima, nguo nyeusi zikaadimika madukani. Yai alikoka moto uani akaweka sufuria kubwa ya rangi, akatumbukiza nguo za nyumba nzima. Nilirudi jioni nikakuta mashati yangu matatu yananing'inia kambani yanachuruzika maji meusi. Hakuniomba ruhusa. Mtu humwomba ruhusa mgeni.

Lipo moja zaidi na ningependa nisiliandike. Bibi yako alipofariki 2020, ndege zimesimama, unajua nani alishika jeneza kwenye nafasi yangu. Ulikuwa umesimama mbali na wanawake, ukanipigia simu na kuielekeza makaburini, na picha ikawa inakatika. Mimi nilikuwa uani hapa hapa. Asubuhi yake kabla ya jua Yai alikuwa ameshapika. Watawa wakapita na mabakuli yao, akawapa wali na mchuzi, kisha akamimina maji polepole chini ya mti huku wakisoma, na akalitaja jina la bibi yako, akalitamka vibaya. Mimi nilisimama pembeni nikisoma Yasini yangu kimoyomoyo. Shekhe akiniuliza nitamjibu nilivyokuambia wewe. Lakini hapo ndipo nilipoona hesabu yangu ilivyokaa. Huku nilipewa jembe, na lile la nyumbani, ambalo lilikuwa langu bila kuomba, mlilishika ninyi. Mama yako alilishika. Wewe ulilishika una miaka kumi, unampeleka bibi kliniki. Sijawahi kukuambia asante kwa hilo, nasema sasa.

Turudi kwenye kazi yako. Hiyo shule wakikuambia uje kwanza kwa viza ya utalii, mengine yatafuata, kataa. Uje kwa viza ya kazi, Non-B wanaiita, na kibali cha kazi kiandikwe jina la shule hiyo. Waulize nani anashughulikia leseni yako ya ualimu, uione barua kabla ya kukata tiketi. Mwenye nyumba lazima akuripoti uhamiaji, mkumbushe, asipofanya utakayesumbuka ni wewe. Siku za viza zikipita faini ni baht 500 kwa siku. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa simama ulipo, hata kama umebeba maji kichwani. Wazazi wengine watataka mwalimu mzungu, na wataliuliza hilo mbele yako kwa upole. Usigonge meza.

Na kuna Alhamisi moja, mara nyingi mwezi wa sita, watoto huwaletea walimu maua. Wanapiga magoti mbele ya mwalimu, mmoja mmoja, wanamkabidhi kwa mikono miwili. Nimeona hivyo kwenye shule ya hapa jirani. Nikifikiria umekaa kwenye kile kiti, nashindwa kuandika.

Uje au usije? Ulimi unaniwasha, mwanangu. Mara mbili nimeliandika neno hapa na mara mbili nimelifuta. Nikisema uje, nitakuwa nakuita ili niwe na wangu karibu baada ya kuwaacha miaka yote hiyo, na hiyo si sababu ya kukupa. Nikisema usije, nitakuwa nakukinga na kiti kitupu kwenye basi, na wewe una haki ya kukaa pembeni ya kiti chako kitupu na kuamua la kufanya. Ongea na mama yako. Fedha za bati nimetuma Jumanne, mwambie asimlipe fundi zote kabla hajamaliza upande wa jikoni.

Yai nimemwambia habari zako. Alifurahi, akauliza umri, nikasema 28. Akauliza umeolewa, nikasema bado. Kisha akauliza kama unakula pilipili, ajue atakachopika, na nikasimama pale na ufagio mkononi nikaona sijui. Ulipokuwa mdogo ulikuwa huili. Niambie, nikampe jibu.

Baba yako,
Chanthaburi